Bendera Zilizobaki Baada ya Migodi



Juma hili twapenda kutafakari pamoja nanyi habari za wachimba makaa ya mawe wa Durham, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Tumekumbushwa habari zao na filamu iitwayo The Miners' Hymns, yaani Tenzi za Wachimba Migodi. Filamu hiyo ilitengenezwa na Mmarekani Bill Morrison, na muziki wake ukatungwa upya kwa ajili hiyo na Jóhann Jóhannsson wa Iceland, aliyefariki mwaka 2018. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Julai 2010, ndani ya Kanisa Kuu la Durham lenyewe, wanamuziki wakipiga mbele ya watu.

Katika dakika zake hamsini na mbili hakuna msimulizi wala mhojiwa. Morrison alichukua picha za zamani zilizohifadhiwa katika maktaba za filamu, nyingi zikiwa nyeusi na nyeupe, akazipunguza mwendo na kuzipanga. Twawaona wanaume wakifanya kazi chini ya ardhi, watu wakiokota makaa ufukweni mwa bahari, watoto wakiteleza juu ya malundo ya mabaki ya mgodi, na polisi wakipambana na wagomaji. Nyuma ya yote hayo zasikika tarumbeta na kinanda. Mwishoni umati waingia kanisani, umebeba bendera kubwa za migodi yao.

Hapo ndipo tunapopata swali la kutafakari. Mgodi mkubwa wa mwisho katika eneo la Durham, ule wa Wearmouth mjini Sunderland, ulifungwa mwaka 1993. Mahali pake sasa pana uwanja wa mpira uliofunguliwa mwaka 1997. Hata hivyo, kila Julai watu wa Durham wangali wanazitoa bendera zile na kuandamana nazo mjini. Kwa nini mtu abebe bendera ya mgodi usiokuwapo tena?

Ili kujibu, yatupasa kurudi nyuma kidogo. Kwa vizazi vingi mchimbaji wa Durham alifungwa na mkataba wa mwaka mzima. Aliyeuacha kabla ya wakati aliweza kupelekwa jela. Utaratibu huo ulikomeshwa mwaka 1872. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1871, chama cha wachimbaji kilifanya mkutano mkubwa wa kwanza wa wanachama wake. Mkutano huo ukawa desturi ya kila mwaka. Kila tawi lilikuja na bendera yake, iliyochorwa picha na maneno ya mshikamano, na mbele yake bendi ya tarumbeta. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, watu zaidi ya 150,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ile.

Kazi hiyo iliua. Mwaka 1909, mlipuko katika mgodi wa West Stanley uliwaua wanaume na wavulana 168. Tarehe 29 Mei 1951, alfajiri, cheche za mashine ya kukatia makaa ziliwasha gesi katika mgodi wa Easington. Walikufa wachimbaji 81, na waokoaji wawili wakafa wakiwatafuta wenzao. Ndiyo maana ikawepo desturi hii: tawi lililofiwa na mtu mgodini mwaka ule lilifunga kitambaa cheusi juu ya bendera yake. Umati ulioisubiri bendera njiani ulijua habari kabla haijasemwa.

Wachimbaji wale walikuwa pia na wimbo wao wa maombolezo. Mwaka 1934 mlipuko katika mgodi wa Gresford, kaskazini mwa Wales, uliwaua watu 266, na zaidi ya 250 kati yao wangali wamelala huko chini hadi leo. Mchimbaji mmoja wa kaskazini-mashariki, Robert Saint, alitunga wimbo wa kuwakumbuka, akauita Gresford. Wimbo huo hauna maneno. Wapigwa kwa tarumbeta tu, na watu husimama wakanyamaza. Nasi tunaozoea kusimama kimya mbele ya jeneza twaelewa. Nadhani tutakubaliana kwamba filamu isiyo na msimulizi imefuata njia ileile: imewaachia marehemu nafasi, haikusema badala yao.

Lakini tusije tukaona picha ya bendera kanisani tukadhani kwamba Kanisa na wachimbaji walipatana siku zote. Kanisa Kuu la Durham lilianza kujengwa mwaka 1093, likahudumiwa na wamonaki Wabenedikto, na ndani yake wamezikwa Mtakatifu Cuthbert na Mtakatifu Beda, Mwalimu wa Kanisa. Baada ya mageuzi ya karne ya 16 likawa la Waanglikani. Maaskofu wa mji ule na baraza la makanoni walikuwa wenye ardhi, na kwa karne nyingi walipata mapato kutokana na makaa. Mgodi mmoja wa Ferryhill uliitwa kabisa Dean and Chapter, yaani Dekano na Baraza lake. Mchimbaji aliposhuka shimoni, alijua kwamba sehemu ya jasho lake yawafikia wakuu wa kanisa.

Walikuwapo wachungaji waliojaribu njia nyingine. Mwaka 1892, waajiri walipotaka kupunguza mishahara na migodi ikasimama kwa takribani miezi mitatu huku familia zikishinda njaa, Askofu Westcott aliwaita waajiri na wawakilishi wa wachimbaji nyumbani kwake, wakafikia mapatano. Tukumbuke kwamba mwaka mmoja tu kabla yake, Papa Leo XIII alikuwa ametoa waraka Rerum Novarum, akitetea haki ya mfanyakazi ya kupata ujira wa kutosha na kuunda vyama. Mwaka 1897 bendera za wachimbaji zikaanza kupokewa katika ibada ya kanisa kuu.

Mlango huo haukuondoa uchungu wote. Katika mkutano wa mwaka 1925 wachimbaji walimkamata Dekano Welldon wakataka kumtupa mtoni, wakidhani ndiye Askofu Henson aliyekuwa akiwashutumu hadharani. Polisi walimwokoa. Tukio hilo lina funzo kwetu sisi tuliopewa daraja: watu hawasahau upesi kama mchungaji alisimama nao au aliwahukumu kwa mbali.

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Wale wanaobeba bendera leo hawauombolezi mgodi. Mgodi ulikuwa giza, vumbi na hatari, na wazazi wengi waliomba watoto wao wasishuke humo. Wanachokibeba ni kile kilichojengwa juu ya mgodi: kuchangiana siku ya msiba, kumtunza mjane wa mwenzao, kushikamana katika mgomo mrefu wa mwaka 1984 hadi 1985 hata nyumba zilipokosa chakula. Makaa yameteketea, uwanja umejengwa, lakini deni la kukumbukana halikufungwa pamoja na shimo. Sehemu moja ya muziki wa filamu ile imepewa jina linalotokana na Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, pale inaposemwa kuhusu Abeli kwamba kifo hakikuinyamazisha sauti yake. Na damu ya Abeli, tunajua, ilisikika mbele za Mungu.

Ndugu wapendwa, mchango wetu wa juma hili uwe huu. Kila mmoja wetu ana mzee, katika ukoo au jirani, ambaye kazi yake ilimchosha mwili ili wengine wale na wasome. Tumwulize habari za kazi yake angali hai, tuziandike, tuwafundishe watoto. Na marehemu waliokufa kazini tuwataje kwa majina yao tunapotoa nia za Misa. Kumkumbuka mtu kwa jina lake ni tendo la haki kabla ya kuwa tendo la huruma.

Mungu awapokee wote waliokufa shimoni, wa Durham na wa kila taifa, na awalinde wanaoshuka leo. Tunawatakia Dominika njema.