Nyimbo Zilizoandikwa kwa Herufi

Apitaye jioni karibu na kanisa la Kaloleni, Bahati au Jericho, mashariki ya Nairobi, huenda akasikia kwaya ikiimba si maneno, bali majina ya sauti: do, mi, so. Ubaoni hapana mistari mitano ya muziki wa Ulaya. Pana herufi tupu, d, r, m, f, s, l, t, zilizotengwa kwa nukta pacha na vistari. Huo ndio mwandiko wa solfa. Bibi Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, aliutangaza kwa kitabu mwaka 1835. Kasisi John Curwen akaushika mwaka 1841 na kuutengeneza, na wamisionari wakauleta Afrika. Ulienea upesi kwa kuwa haukuwa na gharama: noti za mistari zahitaji chapa za peke yake, lakini solfa yapigwa kwa taipureta yoyote. Mwalimu Enoch Sontonga wa Johannesburg alitunga kwa solfa, mwaka 1897, wimbo ambao sauti yake ndiyo ya wimbo wa taifa la Tanzania.

Mwaka 1977 Donald Knuth wa Marekani, asiporidhika na chapa mpya ya kitabu chake, alianza kuunda programu ya TeX: mwandishi huandika maneno na amri kwa herufi za kawaida, kompyuta ikapanga ukurasa. Mwaka 1996 Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, walianza kufanya vivyo hivyo kwa muziki. Programu yao yaitwa LilyPond, na hapo mwanzo iliitegemea TeX.

Hata hivyo tabia zao ni mbali mbali. Amri ya TeX, kwa sehemu kubwa, huondoa maneno na kuweka mengine mahali pake, na maneno hufuatana kama watu katika foleni. Kwaya haiendi hivyo: sauti nne hutoka pamoja, na yapasa zisimame wima pamoja karatasini. Kwa hiyo LilyPond huushika wimbo kama wimbo, ikijua kila sauti ni ipi na yadumu muda gani. Kwa amri moja, wimbo mzima wapanda kutoka C hadi F.

Mwimbaji wa solfa hatashangaa. Mwalimu wake hubadili kichwa tu, "Do ni C" ikawa "Do ni F", na herufi zote hubaki zilivyo. Hapo, kwa maoni yangu, Bibi Glover hajashindwa bado. Ila wimbo ubadilishapo ufunguo mara kwa mara, solfa yake huchosha macho.

Nyimbo nyingi za mitaa hii zimo katika daftari na karatasi za stensili zinazochakaa. Zikiandikwa kwa herufi katika kompyuta, zaweza kunakiliwa hata kwa simu, na noti moja ikasahihishwa bila kuandika upya ukurasa. Lakini kwanza yapasa kuketi na mzee aikumbukaye sauti ya besi, maana karatasini imekwisha kufutika.