Kununua apareyi ya picha: DSLR ya okazioni ao mirorlesi mpya?

Kwa kijana wa Goma, Bukavu, Bunia ao Butembo anayetaka kuanza kazi ya kupiga picha za ndoa na sherehe, pesa ya apareyi mara nyingi ni akiba ya miezi mingi, ao deni la jamaa. Akichagua vibaya, kazi inaweza kufa kabla ya kuanza. Sokoni anakuta njia mbili: DSLR ya okazioni, ao mirorlesi mpya.

Tofauti iko wapi?

DSLR iko na kioo kidogo mbele ya sensa, kile kipande kinachopokea mwanga na kutengeneza picha. Kioo kinatuma mwanga hadi kwenye tundu la kutazamia, na mpiga picha anaona mambo kama yalivyo. Akibonyeza, kioo kinapanda: ndiyo ule mlio wa "klak". Mirorlesi haina kioo. Mwanga unafika kwenye sensa moja kwa moja, na jicho linaangalia skrini ndogo ya umeme.

Mwaka 2018, Canon na Nikon zilitoa mifumo mipya isiyo na kioo, RF na Z, na nguvu zao nyingi zimehamia huko. Watu wengi wanabadilisha, ndiyo maana DSLR nyingi zinauzwa kwa bei ya chini wakati zingali nzima.

Swali la umeme

Skrini ya mirorlesi inakula batri. Kwa kipimo cha kampuni, Nikon D750 ya mwaka 2014 inapiga picha 1.230 kwa batri moja, na Canon 80D ya mwaka 2016 inapiga 960. Canon EOS RP, mirorlesi ya mwaka 2019, inapiga 250. Kazini namba hizo zinaweza kupanda, lakini tofauti inabaki. Kule umeme unakatika siku nzima, mwenye mirorlesi anunue batri mbili ao tatu za ziada, na hiyo ni pesa ya kuhesabu tangu mwanzo. Faida ni kwamba mirorlesi nyingi za sasa zinachajiwa kwa waya wa USB, hata kwa pawabanki.

Objektifu

Objektifu za Canon EF zilianza mwaka 1987, za Nikon F mwaka 1959. Kwa hiyo za okazioni ziko nyingi. Siku ukihamia mirorlesi ya kampuni ileile, unaweza kuendelea nazo kwa kutumia adapta. Angalisho kwa Nikon: objektifu za zamani zisizo na mota ndani hazilengi zenyewe kwenye adapta hiyo, wala kwenye DSLR ndogo kama D3000 na D5000. Unazungusha kwa mkono.

Mirorlesi inashinda wapi?

Inashinda kwenye video. DSLR nyingi zinatafutatafuta mtu zikirekodi, na picha inafifia. Canon 70D na 80D ni kati ya zinazofanya vizuri. Mirorlesi za sasa zinafuata uso na jicho la mtu anayetembea. Nyingi zinapiga pia bila mlio, jambo la maana kanisani ao kwenye mazishi.

Kabla ya kutoa pesa

• Uliza imepiga picha ngapi. Obtirateri ya 80D ilitengenezwa kwa kukadiria mara 100.000, ya D750 mara 150.000. Kwa Nikon, hesabu iko ndani ya faili la picha.
• Angaza tochi ndani ya objektifu. Nyuzi kama utando wa buibui ni ukungu, na unyevu unauzidisha.
• Funga objektifu hadi f/16 na upige ukuta mweupe. Madoa meusi ni vumbi kwenye sensa.
• Toa batri. Ikiwa imevimba, iache.
• Omba fakture na ulinganishe namba ya apareyi. Kitu cha wizi kinaweza kukuletea kesi.

Kwa anayeanza na picha za kawaida, DSLR ya okazioni iliyokaguliwa vizuri inatosha, na pesa inayobaki inunue objektifu nzuri na batri ya pili. Anayeishi kwa video, afazali angoje, aongeze akiba, anunue mirorlesi.