Elektroforesi ya mrija-unywele

Kwenye maabara inayopima selimundu, neno "kapilari" lina kazi mbili. Mtoto akichomwa kisiginoni, tone linalotoka huitwa damu ya kapilari, yaani damu ya vishipa vidogo kabisa. Tone hilohilo likishaingia mashineni, majibu yanatoka yameandikwa "elektroforesi ya kapilari". Mwanafunzi akidhani vishipa ndivyo vilivyopimwa, tusimlaumu. Kapilari hii ya pili ni mrija wa silika, na mimi ningeuita mrija-unywele.

Elektroforesi yenyewe tuiache ilivyo, maana wataalamu wameshaizoea. Ni kuziswaga molekuli zenye chaji ndani ya kimiminika kwa nguvu ya umeme. Arne Tiselius wa Sweden alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1948 kwa kazi hiyo, na mwaka uliofuata Linus Pauling na wenzake wakaitumia kuonyesha kuwa himoglobini ya wagonjwa wa selimundu si sawa na ya watu wengine.

Wembamba wa mrija ndio kiini cha mambo. Umeme ukipita kwenye kimiminika huzaa joto. Katika bomba pana, katikati hupata moto kuliko kandoni, molekuli za katikati zinawahi, na mafungu yaliyoanza kuachana yanavurugika tena. Mwaka 1981, James Jorgenson na Krynn Lukacs wa Marekani walitumia mirija yenye tundu la mikromita 75. Hapo joto halipati pa kukaa. Hutorokea ukutani upesi, nao wakaweza kupandisha umeme hadi volti 30,000. Tundu hilo ndilo lenye upana wa unywele, si mrija mzima, ambao kwa nje ni mnene zaidi na umepakwa plastiki usikatike. Sehemu ndogo ya plastiki huondolewa, pakabaki dirisha, ili mwanga upenye na kunasa kila kinachopita.

Ukuta wa silika nao haukai bure. Una chaji hasi, na umeme ukiwashwa kimiminika chote huanza kutiririka kuelekea ncha hasi. Himoglobini katika kimiminika chenye alkali huwa na chaji hasi, hivyo hujivuta kinyume cha mkondo, lakini mkondo unaishinda. Ile ya selimundu, S, imepoteza chaji hasi mbili kwa sababu asidi ya glutamiki imebadilishwa na valini katika kila mnyororo wa beta. Inang'ang'ana kidogo, basi inatangulia kupita dirishani, na A ya kawaida inafuata. Mwenye kurithi zote mbili huonyesha vilele viwili kwenye grafu.

Hapa ndipo wengi hukosea kutafsiri, wakiandika kuwa mbinu hii "hupima ukubwa". Himoglobini A na S zinakaribiana mno kwa ukubwa. Kinachozitenganisha ni chaji. Ukubwa hupimwa kwenye DNA, na kwa hila nyingine: kwa kuwa chaji ya DNA huongezeka sambamba na urefu wake, vipande vyote katika kimiminika kitupu vingekwenda mwendo mmoja. Kwa hiyo mrija hujazwa polima iliyosokotana, vipande vifupi vikapenya upesi na virefu vikachelewa, kisha vikalinganishwa na vipande vya urefu unaojulikana. Hapo "kupima ukubwa" ni sahihi. Kwenye himoglobini tuandike "kutenganisha".