Unyenyekevu wa Nani? Makuli wa Shimanzi na Kilindini

Shimanzi, magharibi mwa kisiwa cha Mombasa, ni mtaa wa maghala na matangi ya mafuta, na historia yake haitengani na ya bandari ya Kilindini. Tangu gati za kina kirefu zilipofunguliwa mwaka 1926, mali ya bara ilipita hapa migongoni mwa makuli, wengi wao vibarua wa siku. Lawama ya mabwana haikwisha: kuli ni mvivu, ana mkono mrefu, tena hana adabu. Kwa maoni yangu, lawama hiyo ilichanganya unyenyekevu, ambao ni tabia ya mtu, na utiifu, ambao ni sharti la mwajiri.

Wanasaikolojia Kibeom Lee na Michael Ashton, waliounda kipimo cha haiba kiitwacho HEXACO, wanauweka uaminifu na unyenyekevu katika fungu moja: mwenye sifa hiyo hahadai watu, hana uroho, wala hajioni anastahili upendeleo kuliko wenzake. Hapo kwenye upendeleo ndipo kesi ya Kilindini inapogeuka. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa. Miongoni mwa malalamiko yao ni kulipwa chini ya watu wa rangi nyingine wenye ujuzi uleule, na dharau waliyofanyiwa kazini. Anayedai kulipwa sawa na mwenzake hajakweza nafsi yake. Aliyejikweza ni yule aliyeona rangi yake inatosha kumwongezea mshahara.

Mtu atauliza: na wizi je? Ulikuwapo, kama ulivyo katika kila bandari. Lakini tazama mambo ya ghalani. Bambo huchomwa ubavuni mwa gunia, punje zikamwagikia kiganjani, zikasuguliwa na kunuswa, kisha gunia likapanda mizani huku muuzaji na mnunuzi wakiikodolea macho sindano. Tajiri hakumwamini tajiri mwenzake kwa neno tupu, na hakuna aliyesema ni upungufu wa tabia za matajiri. Kwa kuli, shuku hiyohiyo ikawa hukumu juu ya kabila na dini yake. Kibarua anayeajiriwa asubuhi na kuachwa jioni hana pa kuwekea akiba ya jina jema, isipokuwa labda kwa serangi, yaani msimamizi wa genge, anayemjua. Sisemi kwamba tabia si kitu; katika genge moja hakukosekana mwaminifu na mjanja, na haiba ya mtu mzima haibadiliki upesi. Nasema tu kwamba mshahara wa siku haupimi haiba.

Dini nayo haifungi mjadala. Tafiti zinaonyesha kuwa wacha Mungu huelekea kupata alama za juu kidogo katika fungu hilo la uaminifu na unyenyekevu. Kidogo, si zaidi. Mombasa ilijua hivyo mapema. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947, alitumia gazeti lake la Al-Islah, lililoanza 1932, kuwakemea Waislamu wenzake kwa israfu na kujionyesha. Lau sala peke yake ingemtoa mtu kiburi, gazeti hilo lisingekuwa na la kuandika.

Liko pingamizi zito zaidi: kwamba mnyenyekevu huishi ameridhika, hivyo kuli angenyamaza angepata raha. Kwa hakika uhusiano wa sifa hii na kuridhika na maisha ni dhaifu. Uchangamfu wa mtu hubashiri furaha yake zaidi kuliko unyenyekevu. Tume ya Willan, iliyochunguza mgomo wa Mombasa wa 1939, ilikuta vyumba vya kupanga vilivyosongamana watu, na subira haipunguzi kodi ya chumba. Chege Kibachia, kiongozi wa African Workers' Federation, chama cha wagomaji wa 1947, alikamatwa Agosti 1947 na kupelekwa kizuizini Kabarnet. Hata hivyo, nyongeza za mishahara zilizotolewa baada ya mgomo huo na baraza la Jaji Thacker mwaka huohuo hazikuondolewa.