Wati Nyingi, Mawimbi Haba: Sterio za Zamani na Masikio ya Iramba

Ulemo iko wilayani Iramba, kaskazini-magharibi mwa mji wa Singida. Kutoka huko hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, hata ukipiga mstari ulionyooka kwenye ramani, na kwa miaka mingi sauti yoyote ya redio ya nchi ilibidi iuvuke umbali huo hewani. Umbali ndio ulioamua mtu wa Iramba asikie nini, saa ngapi, na kwa chombo cha namna gani.

Nalisema hili mapema kwa sababu sterio kubwa za miaka ya 1970, yaani Pioneer, Marantz, Sansui na wenzao, zimerudi kwenye heshima. Watu wanazisaka kwa mafundi, wanazifuta vumbi, wanaziweka sebuleni pa kuonekana. Sifa wanazozitaja ni zile zile zilizochapwa kwenye vipeperushi vya Japani na Marekani: wati kwa kila spika, wepesi wa kunasa FM, uzito wa chuma. Ni sifa za kweli, ila zilipimwa kwa mawimbi ya Tokyo na New York. Sterio hiyo hiyo ingefikishwa Iramba mwaka iliotoka kiwandani, ingebaki karibu kiziwi, na mtu mwenye redio ndogo ya betri angemshinda mwenye sterio kwa mbali sana.

Tanganyika ilianza kurusha matangazo ya majaribio mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na kweli ilikuwa sauti ya mji huo, maana nje yake haikwenda mbali. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 kazi hiyo ikachukuliwa na serikali moja kwa moja, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD tunayoikumbuka. Mitambo iliongezwa nguvu mwaka hadi mwaka. Tatizo lilikuwa upande wa msikilizaji. Redio za mwanzo zilitumia valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka kwa ndani na vinavyotaka muda kidogo vipate moto ndipo redio isikike. Zilikula umeme, na kijijini umeme haukuwapo.

Jaribio la kwanza la maana la kumtengenezea Mwafrika wa kijijini redio yake lilifanyika kwa majirani zetu wa kusini. Mwaka 1949, mjini Lusaka, Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya huko, aliishawishi kampuni ya Ever Ready kutengeneza redio ya betri yenye umbo la sufuria, iliyouzwa pauni 5. Betri yake ilinunuliwa peke yake, ikadumu kama saa 300. Kwa mfanyakazi wa migodini pauni 5 zilikuwa fedha nyingi, lakini waliipata na waliipenda. Ile sufuria ilithibitisha jambo ambalo wakubwa wengi wa utangazaji walilitilia shaka, kwamba mtu wa kipato kidogo yuko tayari kujinyima ili asikie.

Kilichoifungua Iramba ni transista. Iligunduliwa Marekani mwishoni mwa 1947, ikaingia kwenye redio ya mfukoni ya Regency mwaka 1954, na Sony ya Japani ikafuata mwaka 1955. Transista haihitaji kupashwa moto, wala haitaki betri kubwa ya volti nyingi. Mawe ya tochi yanatosha. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ilijenga kiwanda chake Dar es Salaam, na jina la National likawa linaonekana kwenye redio na kwenye mawe yake kwa pamoja. Mkulima akiuza mazao yake aliweza kurudi nyumbani na redio begani.

Redio hizo zilikuwa na bendi mbili au tatu, na bendi iliyobeba roho ya mambo ilikuwa masafa mafupi. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda hadi tabaka la juu la anga, yakagonga huko na kurudi ardhini mamia au maelfu ya kilomita mbele. Milima haiyasumbui. RTD ilisikika kwenye kilohezi 5050, bendi ya mita 60, ambayo hushika vizuri jua likizama. Zanzibar nayo ilikuja kupatikana kwenye 11735. Na dunia nzima ilikuwa imeanza kusema Kiswahili hewani: Cairo tangu 1954, BBC tangu Juni 1957, Peking tangu 1961, Sauti ya Amerika tangu 1962, na Deutsche Welle tangu 1963. Kutoka Addis Ababa ilirusha Sauti ya Injili, stesheni ya Walutheri iliyoanza 1963, yenye studio ya vipindi vya Kiswahili Moshi. Kwa Iramba hilo halikuwa jambo la pembeni, kwa kuwa wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walikuwa wameweka mizizi Kiomboi na Kinampanda tangu kabla ya Vita vya Pili. Serikali mpya ya Ethiopia iliitaifisha stesheni hiyo Machi 1977, na sauti ile ikakatika.

Kukamata masafa mafupi kulitaka ufundi, na ufundi huo watu walikuwa nao. Waya wa shaba ulifungwa kwenye antena, ukavutwa hadi juu ya mti. Mawe yaliyolegea yalianikwa juani ili yatoe nguvu ya mwisho. Mshale ulisogezwa kwa ncha ya kidole, taratibu mno, kwa sababu kwenye kioo kidogo cha redio upana wa unywele ulitosha kukutoa stesheni moja na kukutupa kwenye nyingine. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipopita nchi nzima, watu wapatao milioni 2 walijikusanya katika vikundi kusikiliza vipindi vya redio, kusoma vijitabu na kisha kuchimba vyoo. Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba tutampiga Idi Amin, nchi ilimsikia kwa redio. Televisheni Tanzania Bara haikuwapo mpaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu mapema miaka ya 1970. Sijui kama kuna nchi nyingine iliyojengwa kwa kusikiliza kiasi hicho.

Miaka hiyo hiyo, ng'ambo, sterio ilikuwa inakua mwili. Harman Kardon ya Marekani iliunganisha redio na amplifaya kwenye boksi moja mwaka 1954, na mwaka 1958 ikatoa ya sterio. Mwaka 1961 Marekani iliidhinisha FM ya sterio. Hapo ndipo mashindano yalipopamba moto, na Wajapani wakayashinda. Pioneer SX-1250 ya mwaka 1976 ilitoa wati 160 kwa kila spika. SX-1980 ya mwaka 1978 ilifika wati 270, na uzito wake ulipita kilo 35. Technics SA-1000 ilikwenda hadi 330. Kabla ya hapo kila kampuni ilijitungia namna yake ya kuhesabu wati, mpaka mwaka 1974 serikali ya Marekani ilipoweka kanuni moja ya upimaji. Kwa hiyo wati iliyoandikwa kwenye sterio ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ni ya kuaminika kuliko maelfu ya wati yanayobandikwa kwenye spika za plastiki za leo.

Ifungue moja uione. Uso ni bamba nene la alumini. Kioo cha stesheni cha Marantz huwaka buluu, na kitufe chake cha kutafutia stesheni ni gurudumu zito lililolala. Ukilisukuma kwa kidole kimoja linaendelea kuzunguka lenyewe na mshale unateleza toka mwisho hadi mwisho. Pembeni kuna mita mbili ndogo: moja huonyesha nguvu ya mawimbi, nyingine huonyesha kama umeikamata stesheni katikati yake hasa. Ndani, sehemu kubwa ya uzito ni transfoma, na kando yake kapasita mbili nene kama makopo ya maziwa. Hizo huhifadhi umeme ili ngoma inapopigwa ghafla besi isikatike. Nyuma kuna tundu la santuri. Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo sana, millivolti chache tu, na sakiti ya tundu hilo huukuza huku ikirudisha besi ambayo ilipunguzwa makusudi wakati santuri inachongwa. Kwa ufundi wa aina hii sioni chombo cha nyumbani kilichotengenezwa kwa moyo zaidi tangu hapo.

Sasa kipeleke Iramba mwaka 1976. Kwanza, umeme. Gridi ya taifa ilifika Singida mwishoni mwa miaka ya 1980, na vijiji vilisubiri zaidi. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007. Hata palipokuwa na jenereta, sterio iliyonunuliwa Japani hutaka volti 100 na ya Marekani volti 120, wakati umeme wetu ni 230. Uichomeke bila kuangalia na transfoma imekwenda. Pili, mawimbi. Sterio nyingi za daraja hilo zilikuwa na masafa ya kati na FM tu. Masafa mafupi, yaliyokuwa riziki ya Iramba, hayakuwamo, maana mnunuzi wa Chicago hakuyahitaji. Na FM, fahari ya chombo kizima, Iramba haikuwa nayo hata kidogo. Mwenye sterio angebaki na masafa ya kati usiku, na santuri zake, ambazo nyingi za bendi zetu zilichapwa Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa kuanzia 1977 hadi 1983, hata hizo zikawa adimu.

Ndiyo maana sterio ya daraja hilo ilibaki chombo cha wachache wa mijini. Serikali iliporuhusu mwaka 1984 watu waagize bidhaa kwa fedha zao, na Mzee Mwinyi alipoingia mwaka uliofuata na mlango ukafunguka zaidi, kilichomiminika ni redio kaseti. Ilikuwa na masafa mafupi, ilikubali mawe, na ilirekodi. Chaguo hilo lilikuwa la akili kabisa.

Mambo yaligeuka baada ya sheria ya utangazaji ya 1993. Redio binafsi zilianza mwaka uliofuata, FM ikasambaa mkoa kwa mkoa, na umeme ukaifuata. Masafa mafupi yakanyamaza polepole. Kwa hiyo sterio ya 1976 imekuja kupata kazi Iramba leo, ikiwa na umri wa kustaafu, wakati ile National ya masafa mafupi ndiyo iliyokosa cha kukamata.

Anayeinunua sasa aangalie mambo machache. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani hukamata FM kati ya megahezi 76 na 90 tu, kasoro ile ile inayowasumbua wenye magari ya mtumba kutoka huko, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Ya Marekani hufika 108, ila sauti nyembamba za juu zitafifia kidogo, kwa kuwa Marekani huzipunguza kwa kipimo cha maikrosekunde 75 na sisi hutumia 50; kitufe cha trebo kinatosha kurekebisha. Nyuma tafuta swichi ya volti. Kapasita za miaka 50 zipimwe na fundi kabla ya kuwasha.

Kisha kuna kitufe ambacho wanunuzi wengi hukipita bila kukigusa, kilichoandikwa Mono. FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na kwenye nyanda za Iramba, zenye miinuko na mabonde, wimbi la mbali hufika limechoka. Katika sterio, kelele ya wimbi dhaifu huzidi ile ya mono kwa takriban desibeli 20. Bonyeza Mono na mvumo unakufa papo hapo, mtangazaji anasikika neno kwa neno. Na kikianza kipindi cha zilipendwa, kitufe kiache hapo hapo kilipo: masafa ya kati na mafupi yalibeba mono tu, na hivyo ndivyo bendi za NUTA Jazz na Morogoro Jazz zilivyofika Ulemo mara ya kwanza.