Wito wa Mtakatifu Mathayo

Wito wa Mtakatifu Mathayo ni mchoro wa rangi ya mafuta wa Caravaggio, mchoraji wa Italia wa enzi ya Baroko. Aliuchora miaka 1599-1600 kwa ajili ya kikanisa cha Contarelli, ndani ya kanisa la San Luigi dei Francesi mjini Roma, na hadi leo umetundikwa humohumo.

Habari yake inatoka Injili ya Mathayo 9:9, ambapo Yesu anamwita mtoza ushuru amfuate. Watu watano wameketi mezani penye fedha, wakiwa na nguo za wakati wa Caravaggio mwenyewe. Yesu na Petro wanaingia kutoka kulia, peku, wamevaa mavazi ya kale.

Chumba kina giza. Dirisha lipo, lakini haliangazi chochote: nuru inashuka kwa mshazari kutoka juu upande wa Yesu na kuangukia nyuso za walioketi. Fremu ya dirisha hilo ina umbo la msalaba, na chini yake mkono wa Yesu umenyooshwa kama ule wa Adamu katika mchoro wa Michelangelo kwenye Kikanisa cha Sisto. Kwa Wakristo, Yesu ndiye Adamu mpya.

Lakini Mathayo ni yupi? Wengi humtaja mzee mwenye ndevu, anayeonekana kujinyoshea kidole kwa mshangao. Wengine husema kidole hicho kinamwelekea kijana aliyeinama mwishoni mwa meza, ambaye bado anahesabu sarafu bila kuinua macho. Hoja ya kwanza ina nguvu zaidi, kwa kuwa katika michoro mingine ya Caravaggio kikanisani humo Mathayo ni mzee mwenye ndevu.