Somo la Riceville: rangi na upendeleo darasani

Tarehe 4 Aprili 1968 Dokta Martin Luther King aliuawa kwa risasi mjini Memphis, Marekani. Asubuhi iliyofuata, katika mji mdogo wa wakulima wa Riceville, jimbo la Iowa, mwanafunzi mmoja wa darasa la tatu alimuuliza mwalimu wake, Jane Elliott, kwa nini King ameuawa.

Swali hilo halikuwa jepesi. Riceville ulikuwa mji wa Wazungu, na watoto wale wa umri wa miaka minane au tisa hawakuwa na jirani mweusi hata mmoja. Elliott aliona kwamba maneno matupu yasingetosha. Akawagawa wanafunzi wake kwa rangi ya macho.

Namna somo hilo lilivyoendeshwa ilionekana na wengi mwaka 1970, kituo cha televisheni cha ABC kilipotangaza filamu juu yake. Siku ya kwanza wenye macho ya buluu waliambiwa kuwa wao ndio bora. Walipewa dakika tano za ziada za mapumziko. Wenye macho ya kahawia walivishwa kitambaa shingoni, wakatakiwa kunywa maji kwa vikombe vya karatasi, na kila kosa lao likachukuliwa kuwa ushahidi wa uduni wao. Kabla ya jua kutua, marafiki walikuwa wamekwisha kugombana. Siku ya pili waliokuwa juu wakashushwa, na waliokuwa chini wakapandishwa.

Lililoshangaza zaidi lilikuwa masomo yenyewe. Wenye macho ya kahawia, waliotumia dakika tano na nusu kumaliza kadi zao za kusoma siku waliyodharauliwa, walitumia dakika mbili na nusu siku waliyotukuzwa. Akili zao zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni neno la mwenye mamlaka darasani.

Hapo ndipo ulipo uzito wa somo la Riceville. Aliyependelewa hakuhitaji kuwa na moyo mbaya. Ilimtosha kupokea alichopewa na kuamini kwamba amestahili.

Hata hivyo, Elliott hakupongezwa na wote. Alipohojiwa katika televisheni ya taifa mwaka huo wa 1968, barua za hasira zilimiminika, na nyumbani Riceville baadhi ya majirani walimtenga. Wakosoaji waliuliza, na wangali wanauliza, kama ni haki kumtia mtoto uchungu, na kumdanganya, bila ridhaa yake wala ya wazazi wake. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini watoto wa Riceville walivua kitambaa baada ya siku moja, na katika Marekani ile ile walikuwapo watoto weusi wa umri wao ambao rangi yao haikuweza kuvuliwa.

Baadhi ya wanafunzi wa mwaka 1970 walikutana tena na mwalimu wao mwaka 1984, wakiwa watu wazima. Walisema somo lile lilikuwa limebaki nao, na baadhi yao walitaka watoto wao walipate.

Mjadala haukuishia hapo. Mwezi Juni 2021 jimbo hilo hilo la Iowa lilipitisha sheria inayozuia shule za umma kufundisha, pamoja na mambo mengine, kwamba mtu anapaswa kujiona mwenye hatia au kufadhaika kwa sababu ya rangi yake. Wanaoiunga mkono wanasema inamlinda mtoto asihukumiwe kwa asili yake. Wanaoipinga wanasema inawafanya walimu waogope hata kuieleza historia.

Madarasa ya Iowa nayo si yale ya 1968. Katika miji kama Des Moines na Iowa City wamo watoto wa wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, na Kiswahili husikika katika nyumba nyingi. Mtoto wa nyumba hizo huweza kukutana na suala la rangi uwanjani, mwalimu anyamaze au aseme. Mwalimu akinyamaza, mtoto huyo atabaki kujitafutia jibu peke yake, na majibu ya uwanjani mara nyingi ni makali kuliko ya darasani.